Mnyoo wa Panya na Mnyoo wa Mtoto

Nilikuwa Lingeka, wilayani Meatu, wakati wa kiangazi, pamba ikiwa imekwisha kuchumwa na panya wamehama mashambani kuingia maghalani. Nilikwenda kuzungumza na wanafunzi wa sekondari juu ya kichocho, maana eneo hilo, tangu lilipokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hata baada ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, halijaacha kuwa na watoto wanaokojoa damu. Hotuba yangu niliiandaa vema: picha za konokono, picha ya mnyoo dume akiwa amemkumbatia jike, na hesabu ya mayai yanayotagwa kwa siku. Kabla sijaanza, kijana mmoja wa kidato cha tatu alileta panya aliyeuawa ghalani kwao, amemviringisha katika kipande cha gunia kuukuu. Mwalimu wake wa biolojia, mtu asiyeikimbia kazi, alimpasua panya huyo mbele ya darasa. Juu ya ini palikuwa na uvimbe mweupe, ukubwa wa punje ya hindi, na ulipotobolewa alitoka mnyoo mweupe, mwembamba, aliyejikunja kama uzi uliosokotwa.

Kijana akauliza: "Mwalimu, huyu ndiye anayemkojoza damu mdogo wangu?"

Nilimjibu kwamba siye. Nikamweleza kuwa minyoo wa kichocho hawakai katika uvimbe wa ini. Wao huishi ndani ya mishipa ya damu, dume na jike pamoja. Huyu aliyemwona ni mtoto wa tegu wa paka. Paka hula panya, tegu hukomaa katika utumbo wa paka, mayai hutoka pamoja na kinyesi, panya huyala mayai hayo katika chakula kilichochafuka, na mzunguko huanza upya. Darasa likaridhika. Kijana hakuridhika. Akauliza tena, kwa adabu lakini bila kuyumba: "Umejuaje kwa kumtazama tu?"

Nakiri kwamba swali lile nililibeba njia nzima hadi Mwanza. Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, na shahada ya uzamivu niliipata Ulaya kwa kuwachunguza minyoo hawa hawa, lakini sikuwa na jibu fupi la kumpa. Ni kweli kwamba nilijua kwa kumtazama. Ni kweli vilevile kwamba wataalamu wakubwa kuliko mimi walimtazama tegu huyo kwa zaidi ya karne mbili wasimjue sawasawa. Alielezwa mwaka 1786, na kwa muda mrefu aliitwa Taenia taeniaeformis, na kila aliyefungua ini la panya akakuta uvimbe wa namna ile, awe Ulaya, Asia au Afrika, aliandika jina hilo katika daftari lake. Jenasi yake sasa huitwa Hydatigera. Mwaka 2016 watafiti waliosoma vinasaba vyake walionyesha kwamba waliokuwa wakiitwa kwa jina moja walikuwa zaidi ya aina moja, na mojawapo wakaipa jina jipya kabisa, Hydatigera kamiyai. Jicho na hadubini havikuiona tofauti hiyo kwa urahisi, vinasaba viliiona.

Kwa hadithi ya tegu wa paka tu msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya wenye kupenda majina ya Kilatini. Napenda kuonyesha kwamba sivyo. Maoni yangu ni kwamba nchi inayogawa dawa ya kichocho kwa watoto wake mwaka baada ya mwaka haina budi kujua, kwa ushahidi wa vinasaba na si kwa kukisia, ni minyoo gani waliomo ndani ya panya, ng'ombe na konokono wa mahali palepale wanapoishi watoto hao. Na kwamba kazi hiyo yapasa ifanyike humu humu nchini.

Tuanze na kichocho chenyewe. Katika Tanzania tunayo minyoo wa aina mbili wanaoleta maradhi hayo kwa binadamu. Wa kwanza ni Schistosoma haematobium, ambaye huishi katika mishipa inayozunguka kibofu, na yai lake lina mwiba nchani. Huyu ndiye wa kichocho cha mkojo, na ndiye aliyetawala Usukuma mbali na ziwa. Huko hubebwa na konokono Bulinus nasutus, mkazi wa malambo na madimbwi ya mvua, ambaye maji yakikauka hujizika katika tope na kungoja msimu ujao. Wa pili ni Schistosoma mansoni, mwenye yai lililo na mwiba ubavuni, anayeishi katika mishipa ya utumbo. Huyu hupendelea kandokando ya Ziwa Victoria, ambako konokono wa jenasi ya Biomphalaria hupatikana. Mtu wa Bariadi akitaka kumkuta huyo wa pili hana haja ya kwenda mbali: aelekee Busega, kwenye ufuo wa ziwa.

Mayai hayo mawili mwanafunzi yeyote mwenye hadubini nzuri anaweza kuyatofautisha. Taabu huanza mnyoo akiwa majini. Konokono aliyeambukizwa humwaga viluwiluwi vidogo sana vyenye mikia iliyogawanyika, viitwavyo sekaria, na hivyo ndivyo vinavyotoboa ngozi ya mtoto aogaye. Sekaria wa mnyoo wa binadamu na sekaria wa mnyoo wa mnyama wa jamii yake hufanana kiasi kwamba kuwatenganisha kwa jicho ni kubahatisha.

Na mnyoo wa mnyama yupo. Mwaka 1931 Mfaransa Émile Brumpt alimweleza mnyoo wa panya kutoka Kongo, akampa jina la Schistosoma rodhaini. Ni ndugu wa karibu mno wa S. mansoni: hutumia konokono wa jenasi ileile, huishi katika eneo lilelile la maziwa makuu, na mayai yake tu ndiyo yanayomsaliti kidogo kwa mahali ulipo mwiba. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba jamaa hawa wawili waliachana kati ya miaka laki moja na laki moja na nusu iliyopita. Kwa maisha ya viumbe, huo ni muda mfupi. Ndugu wa namna hiyo wakikutana huweza kuoana, na walioana. Mwaka 2003 watafiti, Watanzania na Wakenya wakiwa miongoni mwao, waliripoti kwa mara ya kwanza mnyoo chotara wa asili, aliyezaliwa na jike wa S. rodhaini na dume wa S. mansoni. Alipatikana ndani ya konokono wa Tanzania. Mwaka 2008 kazi nyingine ya Kenya magharibi ilionyesha kwamba kuchanganyika huko si ajali ya mara moja, bali chembe za urithi hupita kutoka aina moja kwenda nyingine.

Hebu tufikiri maana yake. Minyoo hao wawili huweza kuchanganya damu, kama tusemavyo, pale tu wanapokutana ndani ya mwili wa mnyama mmoja. Kwa hiyo ama panya amebeba mnyoo wa binadamu, ama kiumbe mwingine amewabeba wote wawili. Hakuna darubini wala hadubini iliyotufikisha kwenye neno hilo. Tulifikishwa na vinasaba.

Liko jambo jingine la kupendeza ambalo mwalimu anaweza kulifundisha bila kifaa chochote. Sekaria wa S. mansoni humwagwa na konokono mchana, jua likiwa kali, wakati watu wanapoingia majini kuoga, kufua na kuvua. Wale wa S. rodhaini humwagwa usiku, wakati panya wanapotembea. Kila mnyoo amejifunza, kwa kurithi, saa ya mwenyeji wake. Sasa, katika kisiwa cha Guadeloupe, kule Karibi, S. mansoni alifika pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, akakuta panya weusi wengi katika mabwawa. Mfaransa André Théron alionyesha katika miaka ya 1970 na 1980 kwamba pale ambapo panya ndio wenyeji wakuu, mnyoo huyo wa binadamu amebadili saa yake: sekaria humwagwa mchana ukiwa umekwisha pita, karibu na magharibi. Tena panya hao waliweza kuuendeleza ugonjwa hata mahali ambapo binadamu hawaingizi mayai majini. Fikiria serikali imempa dawa kila mtu wa kijiji hadi wa mwisho, na lambo likabaki na sumu yake vilevile kwa sababu ya panya.

Je, jambo la Guadeloupe laweza kutokea Afrika? Katika Senegal, karibu na Richard Toll na Ziwa Guiers, watafiti waliripoti mwaka 2018 kwamba panya wa porini wa jenasi ya Arvicanthis na Mastomys walikuwa na S. mansoni, na kwamba katika panya mmojawapo walimkuta pia chotara wa mnyoo wa binadamu na mnyoo wa ng'ombe. Hizo jenasi mbili si ngeni kwetu. Mastomys ndiye yule panya shamba anayetafuna mahindi yetu tangu yakiwa mbegu, ambaye jike lake lina chuchu hata ishirini na nne na huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo. Nyani nao wamo katika orodha ya washukiwa: tangu mwaka 1969 imekwisha andikwa kwamba nyani wa kaskazini mwa Tanzania hubeba S. mansoni.

Hapa sina budi kuwa mwadilifu kwa kijana wa Lingeka na kwa panya wake. Mdogo wake anakojoa damu, na hicho ni kichocho cha mkojo. S. haematobium ni mnyoo anayemshikilia sana binadamu. Panya si mwenyeji wake wa kawaida. Kama ningetakiwa kumtaja mshukiwa wa kwanza katika malambo ya Meatu, nisingemtaja panya, ningemtaja ng'ombe anayekunywa upande wa pili wa lambo. Ng'ombe ana kichocho chake, Schistosoma bovis, na mnyoo huyu hutumia konokono wa Bulinus na sekaria wake hawatofautiki na wa binadamu. Tazameni yaliyotokea Pemba. Zanzibar imefanya kazi kubwa na ya kusifiwa ya kupunguza kichocho cha mkojo, na wapelelezi wake walikuwa wakikusanya konokono ili kujua ni mabwawa gani bado yana hatari. Mwaka 2018 ilichapishwa habari kwamba baadhi ya konokono wa Pemba walikuwa wakimwaga sekaria wa mnyoo wa ng'ombe, si wa binadamu. Hapo awali, yeyote aliyemwona Bulinus akimwaga sekaria kisiwani angeandika: hapa pana kichocho cha watu. Angepeleka dawa ya kuua konokono na vidonge kwa watu mahali pasipohitaji, na labda angepasahau mahali panapohitaji.

Kosa la namna hii lina bei. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 251.4 duniani walihitaji dawa ya kukinga kichocho, na nchi yetu hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa wingi wa wagonjwa, baada ya Nigeria. Dawa yenyewe, prazikwanteli, ni nzuri. Watoto hupangwa mstari shuleni, hupimwa kwa fimbo yenye alama za urefu, hupewa vidonge, na wengi hupona. Lakini haizuii kuambukizwa tena kesho yake. Shirika hilo limeweka mwaka 2030 kuwa mwaka wa kufikia lengo la kichocho kutokuwa tena tatizo la afya ya jamii. Tunapokaribia lengo hilo wagonjwa watapungua, na kila sekaria tutakayemwona majini itatulazimu kuuliza ametoka kwa nani. Wagonjwa wakiwa elfu, makosa machache ya utambuzi hayaonekani. Wakiwa watatu, kosa moja ni theluthi ya ukweli wote.

Sasa niwaeleze vijana kwa kifupi jinsi kazi inavyofanyika, maana wengi hudhani ni uchawi wa mashine.

Panya hutegwa kwa mitego ya visanduku, chambo kikiwa siagi ya karanga iliyochanganywa na unga. Mtego wa kisanduku haumuui, na hilo ni muhimu, kwa sababu mara nyingine kinyesi chake tu chatosha: mayai ya minyoo yamo humo, na vinasaba vimo ndani ya mayai. Ikibidi kupasua, minyoo hutolewa na kuwekwa katika kichupa chenye spiriti safi, si formalini, maana formalini huharibu vinasaba. Huku nyuma seli za mnyoo huvunjwa kwa kemikali na vinasaba husafishwa. Lakini mnyoo mdogo ana vinasaba kidogo mno kusomeka. Hapo hutumika ugunduzi wa Mmarekani Kary Mullis wa mwaka 1983, uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993: mbinu ya kunakili kipande kimoja tu tukitakacho, kwa kupasha moto na kupoza mara nyingi. Kwenye nyuzi za joto zipatazo 95 uzi pacha wa vinasaba huachana. Joto likishuka kufikia kama 55, vipande vifupi vilivyoandaliwa hujishikiza mahali pake. Likipanda tena hadi 72, kimeng'enya hujenga uzi mpya. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili. Mwalimu wa hisabati na awaulize wanafunzi wake: ukianza na nakala moja, baada ya mizunguko thelathini unazo ngapi? Jibu ni zaidi ya bilioni moja.

Kimeng'enya hicho kinastahimili moto kwa kuwa asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, waliotangazwa mwaka 1969 na wanasayansi waliokuwa hawafikirii minyoo wala hospitali. Nasi tunazo chemchemi za moto, Manyara na Songwe. Nayasema haya kwa sababu nimechoka kuulizwa utafiti wa viumbe wasio na faida una faida gani.

Nakala zikisha patikana husomwa herufi moja moja, kisha hulinganishwa na zile zilizohifadhiwa katika benki ya kimataifa ya vinasaba iliyoanza mwaka 1982. Kwa minyoo hupendelewa kusomwa kipande cha vinasaba vya mitokondria, ambavyo hurithiwa kwa mama peke yake, pamoja na kipande cha kiini cha seli, ambacho hutoka kwa wazazi wote wawili. Ndiyo maana chotara wa mwaka 2003 alitambulika: upande wa mama vinasaba vilisema panya, na upande wa pili vikasema kuna baba wa kabila jingine. Kusoma kipande kimoja peke yake kungetupa jibu lililo kamili kwa sura na lenye uongo ndani yake.

Panya mwenyewe naye yafaa asomwe. Panya shamba wa Tanzania, ambao kwa macho ni wale wale, wamegawanyika katika koo kadhaa za urithi. Katika Mkoa wa Morogoro, watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walionyesha mwaka 2017 kwamba pale koo mbili zinapokutana, virusi vya ukoo mmoja, viitwavyo Gairo, na virusi vya ukoo mwingine, viitwavyo Morogoro, havivuki mpaka kwa kiasi cha kuenea upande wa pili. Kama virusi vinatambua tofauti hiyo ambayo sisi hatuioni, sioni kwa nini minyoo wasiitambue.

Tena vinasaba havikuja kushtaki tu. Kuna tegu mdogo, Hymenolepis nana, aliye wa kawaida kwa watoto katika nchi nyingi za joto, na ambaye yupo pia katika panya. Kwa muda mrefu vitabu vilimlaumu panya wa nyumbani kwa kuwaambukiza watoto. Huko Australia Magharibi watafiti waliwachukua tegu kutoka kwa binadamu, wakajaribu kuwaambukiza panya wa maabara, wakashindwa. Taarifa yao ilitoka mwaka 2002. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mtoto wa kule huambukizwa na mtoto mwenziwe kwa mikono isiyonawiwa, na kuua panya wote wa kijiji kusingemponya hata mtoto mmoja. Kwetu hapa twahitaji jibu letu wenyewe, maana sumu ya panya si kitu cha kuchezea: huua paka, huua bundi, na siku mbaya huua mtoto.

Wapo wenzangu, watu ninaowaheshimu, wanaosema kwamba nchi yenye zahanati zisizo na hadubini haina haki ya kuota mashine za vinasaba. Hoja hiyo ina uzito, na mimi siidharau. Hadubini ije kwanza, na mtu wa kuitumia aje pamoja nayo. Lakini hoja hiyo imechelewa kidogo. Mashine za kupima kifua kikuu kwa vinasaba zimekwisha kufika katika hospitali zetu za mikoa, na hakuna aliyesema ni anasa. Iko mbinu iliyotangazwa na Wajapani mwaka 2000 inayonakili vinasaba kwa joto moja tu, nyuzi 60 hadi 65, ambayo haihitaji mashine ya kupanda na kushuka. Viko vifaa vya kusoma vinasaba vinavyoshikika mkononi. Na panya si somo geni nchini mwetu: pale Morogoro panya wamechunguzwa kwa miongo mingi, tangu wingi wao na mvua hadi tauni ya Lushoto, na panya buku hufunzwa kunusa mabomu yaliyozikwa na makohozi yenye kifua kikuu. Watu wa Mwanza nao, katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wamekijua kichocho cha Usukuma kwa muda mrefu. Wajuzi wa panya wapo, na wajuzi wa kichocho wapo. Kinachokosekana ni meza moja ya kuwakutanisha, na benchi moja la maabara katika Kanda ya Ziwa lililo wazi kwa wote wawili pamoja na madaktari wa mifugo.

Kwa nini nasisitiza humu humu nchini? Nitasema lililonipata. Nilipokuwa mwanafunzi nilibeba vichupa vyenye minyoo na konokono kutoka vijiji vya kando ya ziwa, nikavuka navyo bahari. Vibali nilikuwa navyo vyote. Kazi ilifanyika vizuri, ikachapishwa kwa Kiingereza, nikapata shahada. Miaka kadhaa baadaye, nilipohitaji kuvirudia vichupa vile ili kusoma kipande kingine cha vinasaba, niliandikia maabara ile, ambayo sitaitaja. Nikajibiwa kwamba friji ilizimika wakati wa likizo na vilivyokuwamo vilitupwa. Hiyo ni hasara ya sayansi. Hasara iliyonikera zaidi ni yangu mwenyewe: vile vijiji sikuvirudia kuvipa majibu. Watoto walionionyesha mahali pa konokono sasa ni watu wazima, na hawajui mpaka leo nilichokiona. Nilijitetea kwamba nauli ilikuwa haba. Haikuwa haba kiasi hicho.

Maabara ikiwa Mwanza, mwanafunzi wa Lingeka anaweza kupanda basi kwenda kuuliza. Maabara ikiwa ng'ambo, hata mimi ninayelipwa kwa kazi hiyo nilishindwa kuuliza kwa wakati.

Wizara ikitaka pa kuanzia, ianze na mambo madogo. Kila wilaya inayogawa dawa ichague malambo machache, na konokono wa malambo hayo wakusanywe mara mbili kwa mwaka, masika na mwanzo wa kiangazi, sekaria wao wawekwe katika spiriti pamoja na tarehe na saa ya kumwagwa. Saa ni muhimu, kama tulivyoona. Kando ya lambo lilelile wategwe panya, na mavi ya ng'ombe yachunguzwe. Vichupa viwe viwili, kimoja kikibaki wilayani. Sampuli ya kwenda nje iende, kwa maana sayansi haina uzio, lakini iende nakala na asili ibaki.

Kwa walimu nina ombi na onyo. Ombi ni kwamba somo la minyoo lisiishie kwenye mchoro wa mzunguko wa maisha ubaoni. Wanafunzi wanaweza kukusanya konokono kwa kijiko kirefu cha bati na mikono iliyovikwa glavu za mpira, kuwaweka katika glasi za maji safi juani, na kutazama kwa kioo cha kukuzia kama kuna vidoa vyenye mikia vinavyoogelea. Waandike saa. Maji hayo yamwagwe mahali pakavu pasipo na mtu, baada ya kuchemshwa. Daftari la namna hiyo, likiandikwa kwa uaminifu kwa miaka mitatu katika shule moja ya Bariadi, mimi ningelisoma kwa hamu kuliko makala nyingi ninazoletewa.

Onyo linahusu panya. Alivyofanya yule mwalimu, kumpasua panya darasani kwa wembe na mikono mitupu, asifanye mwalimu mwingine, nami nilikosa kwa kutomzuia. Panya wa porini hubeba viroboto vya tauni mahali penye tauni, na mkojo wake huweza kuwa na vijidudu vya homa ya leptospira, ambavyo huingia hata kwa mchubuko mdogo. Panya mfu asiguswe kwa mkono. Atiwe katika kopo lenye mfuniko, amwagiwe spiriti, aandikwe tarehe na mahali alipopatikana, na apelekwe kwa afisa mifugo au mtafiti aliye karibu. Yule wa Lingeka nilimchukua mimi. Mnyoo wake yumo katika kichupa juu ya meza yangu, na jina la kijana nimeliandika kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Zamu yake ya kusomwa ni mwezi ujao.